Kuku wa Masoko Manne

Jumapili, 4 Juni 2006. Kitale.

Sauti ya mnyororo wa lango haijanitoka masikioni tangu jana. Mnunuzi alipokwisha kumswaga ng'ombe wetu mzee, Baba alirudi akafunga lango kwa mnyororo, taratibu, kama kila jioni. Ndani hakukuwa tena na kitu cha kutoroka.

Kisha akaniwekea pesa zote mkononi. Akasema mimi ndiye nimesoma uchumi, nizizalishe mpaka zitoshe mtamba wa gredi, wa maziwa mengi, mwenye mimba. Anastaafu Desemba. Mama hayupo tena, na mtu asiye na ng'ombe, aliuliza, anaamka asubuhi kwa sababu gani?

Nilitaka kumkumbatia. Badala yake nikamweleza kuhusu riba inayozaa riba.

Jumatatu, 5 Juni.

Mpango uko tayari. Kitabu nilichotoka nacho chuoni kinasema usichague kampuni moja. Nunua mfuko wenye kampuni zote, za kila nchi, kila moja kidogo. Moja ikianguka, nyingine itakubeba. Halafu ukae kimya miaka thelathini. Ukurasa wa kukaa kimya huwa unanitoa machozi.

Nilimsomea Baba. Akauliza kwa upole kama huyo mtamba ataletwa kaburini kwake.

Jirani yetu Ndung'u alikuwa upande wa pili wa ua, akisikiliza bila aibu. Alinunua hisa za umeme na sasa zimepanda. Mimi nilimzuia Baba kupanga foleni ya kuzinunua, kwa sababu kampuni moja ni hatari. Ndung'u amesema hatari ni tamu, si nionje.

Jumatano, 7 Juni.

Benki. Karani alinisikiliza hadi mwisho, adabu tupu. Kisha akasema mfuko wa dunia nzima hawana. Labda Nairobi, labda Ulaya, na huko watataka zaidi ya bei ya ng'ombe mmoja. Nikaacha nusu ya pesa kwenye akaunti ya akiba.

Nikatembea nyumbani nikiwaza. Kama dunia haiji Kitale, nitaitengeneza mwenyewe.

Jumamosi, 10 Juni.

Nimenunua dunia. Kuku sita wa Kitale, sita wa Kachibora, sita wa Kimilili, sita wa Kabuchai. Masoko manne. Kachibora ni soko linalochipukia: kuku wadogo, wenye matumaini. Kabuchai, kule karibu na Bungoma, ni ng'ambo.

Baba amejenga banda moja kubwa la kuwatosha wote. Imara sana. Ndung'u alipita akauliza soko la hisa linafunguliwa saa ngapi, ama ni jogoo ndiye anapiga kengele.

Jumapili, 18 Juni.

Mwekezaji wa muda mrefu hachungulii. Wiki nzima sijakaribia banda. Nimechungulia kupitia dirisha la bafu tu, na hiyo haihesabiki.

Baba ndiye anawalisha. Kabla jua halijatoka namsikia akiongea nao. Amewaita kwa masoko yao. Ati Kachibora wana kiburi. Ati kuna Kabuchai mmoja mwenye shingo tupu anayeonewa na wenzake, kwa hivyo analala jikoni.

Nilimwonya kwamba mtu hapendi hisa moja kuliko nyingine. Akasema ndiyo, mama. Kisha akaelekea jikoni na ugali mfukoni.

Alhamisi, 22 Juni.

Ndung'u alikuja bila mzaha. Ati kideri, ule ugonjwa wa kuku, kimefika ng'ambo ya barabara. Mkewe Wacera anamjua daktari wa mifugo, chanjo ni bei ndogo.

Nilikataa. Kitabu kina sura nzima kuhusu gharama: ndogondogo za kila mwaka ndizo zinazokula faida. Akauliza, "Sasa Joan, aliyeandika hicho kitabu alifuga kuku gani?"

Nikamjibu kwamba hilo ni swali la mtu anayechungulia.

Ijumaa, 30 Juni.

Wamekufa. Walianza Jumanne, shingo zimepinda. Kitale, Kachibora, Kimilili, Kabuchai. Kideri hakikuuliza nani ametoka soko gani.

Baba alichimba shimo. Ndung'u akavuka ua na jembe lake, wakachimba pamoja. Hakutania hata kidogo. Hilo liliniuma kuliko utani wake wote.

Nilikwenda kulia nyuma ya banda. Baba akaja, akasimama kando akitazama mahindi. Akasema wiki hizi amekuwa akiamka vizuri. Alikuwa na wa kuamkia. Kisha akasema kuna mmoja amebaki. Shingo Tupu, jikoni, anadonoa mchele.

Jumatatu, 3 Julai.

Nimejifungia siku tatu nikifikiri. Masoko manne, na soko lililobaki ni moja. Ushahidi hauwezi kuwa wazi zaidi: Kabuchai.

Ndung'u anadai yule kuku alipona kwa sababu alilala mahali pengine. Watu wasiosoma takwimu hushikilia vitu vidogo.

Jumamosi, 8 Julai. Bungoma.

Niko kwa Senge Phelista, dada yake Baba. Aliuliza pesa za ng'ombe ziko wapi. Nikamwambia zinafanya kazi. Akasema amesikia zilivyofanya kazi hadi zikazikwa, akaniongezea chai. Anataka nimrudishie kaka yake ile nusu iliyobaki benki. Hata kama ni nusu ya ng'ombe, ni nusu yake. Nikasema, "Ndiyo, Senge." Ni mama mwenye busara, na nilimsikiliza kwa heshima yote.

Ila pesa nilizitoa jana. Kuku ishirini na wanne, wote wa Kabuchai, nimeshawalipia. Nitawachukua kesho.

Nilimpigia Baba kumjulisha. Alitaka nirudie hesabu. Nikajua anamwona mtamba wake akitembea kwenda mbali. Kisha akauliza kama kuna wenye shingo tupu. Nikasema watatu. Akacheka, kile kicheko chake cha upole, akasema hao wengine pia wasiteseke huko nje. Atawalaza wote jikoni, pamoja, penye joto.

Nimemkubalia.