Mgongo Wangu Uko Gashoho

Jumatatu, 8 Septemba

Nimegundua! Picha za skana nimezichukua leo hospitalini. Daktari atazisoma Alhamisi na kuamua kama nitapasuliwa tena. Nani angoje Alhamisi? Mwaka jana walinipasua mgongo, mwaka huu maumivu yamerudi na kushuka hadi mguu wa kushoto. Kisu sikitaki tena, nakiogopa kama kifo! Basi nikaibandika picha dirishani, mbele ya cherehani yangu hapa mtaani Nyamugari, Gitega. Doa liko kulia. Kulia! Mimi naumwa kushoto. Wamenipa mgongo wa mtu!

Na mtu mwenyewe namjua. Kastori, mkulima wa Gashoho, jirani yangu wa kitanda mwaka jana. Yeye alipasuliwa kulia. Wiki iliyopita tulipigwa picha siku moja. Alikuja kuangaliwa tu, anatembea wima, na majivuno juu! Mke wangu Zawadi akaniita dirishani: "Iko jina yako hapa pembeni, Baba Bahati." Nikamjibu kwamba jina huandikwa na binadamu. Akarudi kwenye sufuria yake.

Jumanne, 9 Septemba

Safari ya Gashoho, mkoani Muyinga. Basi lilisubiri mafuta hadi jua kali, kisha barabara ikanitwanga kiuno nikamwita mama. Lakini Gashoho nimefika! Nikadai nimekuja kusalimia tu. Jovina, mke wa Kastori, akapika maharage na ndizi. Nikaomba kuona picha ya mwenzangu, kwa udugu. Doa liko kushoto! Mgongo wangu huo!

Kastori alipotoka kumfunga mbuzi, nikafanya kazi. Picha niliyokuja nayo nikaiacha kwenye bahasha yake. Yake nikaisokomeza chini ya koti, mgongoni. Ngumu hiyo, siwezi kuinama! Kastori akanisifu kwamba siku hizi nimenyooka. Nikamshukuru. Nitalala hapa, chali, na koti langu.

Jumatano, 10 Septemba

Nimerudi Gitega na mali yangu. Zawadi kauliza: je, wakimpasua Kastori kwa sababu ya picha niliyomwachia? Swali baya sana hilo.

Alhamisi, 11 Septemba

Siku gani hii! Daktari aliweka picha kwenye taa, akaniuliza jina. Akaniuliza tena. Akasema huyu hapa ni Kastori, na alipasuliwa kulia. Nikamwonyesha kwa kidole: kushoto, daktari, kushoto!

Mlango ukafunguka. Kastori! Jovina alikuwa ameona jina langu kwenye picha, na mumewe akatoka Gashoho usiku kuja kuidai yake. "Wewe fundi! Nimekulisha, ukaniibia mgongo!" Benchi zima la nje lilisikia.

Daktari akaniuliza nampimaje mteja wa shati. Nikasema nasimama mbele yake. Na mkono wake wa kushoto uko upande gani wangu? Kulia. Basi na picha ni hivyo hivyo, mgonjwa anatutazama. Fundi mzima mimi! Nilitamani kabati linimeze.

Kisha akasoma picha yangu halisi, aliyokuja nayo Kastori. Diski ya uti wa mgongo haijatoka tena. Kile nilichokiona ni kovu la upasuaji, karibu na mshipa wa fahamu. Kastori ana kovu kubwa kuliko langu, na analima! Kwa hiyo picha peke yake haihukumu mtu. Akaninyanyua mguu, akanigonga goti, akanitazama nikitembea. Sipasuliwi! Nitembee kila siku, nisigande kwenye cherehani, nisibebe mizigo, niufanyishe mazoezi mguu wa kushoto. Mguu ukifa ganzi au mkojo ukikataa, nije mbio. Furaha niliyokuwa nayo! Nikataka kumkumbatia Kastori. Hakutaka. Akanirushia picha yangu, akachukua yake, akaondoka.

Jumapili, 14 Septemba

Mazoezi yanakwenda vizuri ajabu! Daktari alisema mguu wa kushoto, na Zawadi kila nikianza anapiga kelele kwamba ni wa kushoto. Hajasoma huyu. Mimi sasa ni mtaalamu: mambo ya hospitali, kushoto ni kulia! Tangu Ijumaa naunyanyua wa kulia asubuhi na jioni, na umekuwa chuma.

Wa kushoto unauma vilevile. Nimeibandika tena picha dirishani, nimeitazama sana. Nashuku Kastori alinirushia isiyo yangu. Kesho alfajiri naenda Gashoho.