Uzi wa Buibui kwa Darubini ya Profesa

Jumanne, 1 Septemba 1868
Darubini mpya ya Profesa Hollweck imefika kutoka Hamburg. Maksai wanne waliivuta mpaka mlimani, kwenye kituo cha nyota. Lenzi nzima. Ila nyuzi za ndani, zile za kupimia nyota inapopita katikati, zimekatika zote njiani. Profesa anataka uzi wa buibui, maana hakuna mwingine mwembamba kiasi hicho. Anataka pia mtu wa kumpigia hesabu. Nimemaliza shule tangu Pasaka, na hesabu ndiyo kitu pekee nisichokionea haya. Kumwomba siwezi. Akinitazama ulimi unakauka. Nitampelekea uzi. Ataelewa mwenyewe.

Jumatano, 2 Septemba
Nimekamata buibui ishirini na watatu, wale wa bustanini wenye msalaba mgongoni. Nimewatia wote katika chupa moja ya jamu, na majani, wasijione wageni. Adelgunde, binti wa mchungaji, alinikuta nimelala kifudifudi chini ya waridi. Akauliza nimepoteza nini. Nikasema kifungo. Akasema, "Pole, Walburga. Na gauni lenyewe lilivyochoka." Huyu huongea na kila mtu, hata Profesa.

Alhamisi, 3 Septemba
Amebaki buibui mmoja. Mnene sana. Wenzake ni miguu tu.

Ijumaa, 4 Septemba
Nilimning'iniza huyo mnene, nikawa nazungusha uma polepole, uzi ukijitandaza kwenye meno yake. Asubuhi nzima. Mistari tisa safi. Nikauficha uma kwenye droo ya vijiko jikoni, pamoja na uma zingine, mahali ambapo hakuna ambaye angeushuku. Shangazi Kreszenz akapakulia nao kabichi chachu. Mjomba akala. Nilimkodolea macho mpaka akauliza uso wake una nini. "Mwache," Shangazi akasema, "mtoto huyu anaionea wivu hata kabichi."

Jumamosi, 5 Septemba
Uma mwingine, uzi mwingine. Nimepanda mlimani Profesa akiwa mezani. Nikauacha mlangoni na karatasi: kwa ajili ya darubini. Jina sikuandika. Ingekuwa kujisifu. Nikajificha nyuma ya kuni nione atakavyofurahi. Aliyetokea ni Adelgunde. Akauokota, akabisha hodi, akaingia nao. Kicheko cha Profesa nilikisikia mpaka kwenye kuni.

Jumapili, 6 Septemba
Baada ya ibada Profesa ametuambia Adelgunde ndiye atakayempigia hesabu. Eti alikuja tu kuuliza kama kuna kazi. Kuhusu uma, kasema wazi kwamba kaukuta mlangoni, hajui ni wa nani. Hata kumchukia vizuri haniachii. Kisha Profesa akanigeukia. "Na wewe, binti, si ndiye uliyekuwa wa kwanza kwa hesabu? Nimekungoja wiki nzima. Mbona hukuja?" Nikamjibu kwamba mahubiri yalikuwa mazuri.
Adelgunde hajui kugawanya.

Jumatatu, 7 Septemba
Mjomba anasema Profesa bado anahitaji mtu wa pili. Niende leo hii nikaombe, hana mgeni. Mjomba haelewi mambo haya yanavyofanywa. Mimi nimesikia kwamba Novemba kituo kitaletewa saa kubwa, na uzito wake unaobembea hujazwa zebaki. Kipimajoto chetu cha sebuleni kina zebaki kidogo tu. Cha mwuza dawa ni kirefu. Nitaanza na cha mwuza dawa.