Meno Mawili Yasisafirishwe

Mheshimiwa Hakimu,

Kabla hujauliza mimi ni nani, naomba nikukumbushe kwamba bila mimi mahakama hiyo isingefunguka. Kitasa cha mlango wa ofisi yako nilikitia mimi, na siku ile ulipojifungia ndani nilikutoa kwa bisibisi moja, korido nzima ikanipigia makofi. Fundi wa namna hiyo hatolewi kwenye kesi na askari kama mbuzi aliyeingia dukani. Mimi ndiye mjomba wa yule mtoto wa kike wa miaka saba uliyeamuru arudishwe nchi ya baba yake, na nina malalamiko.

1. Ulisema kesi hii haiamui mtoto akae na nani, inaamua tu mahakama ya nchi gani ndiyo iamue. Mheshimiwa, hiyo ni sawa na kwenda kwa kinyozi, akukalishe kutwa nzima, halafu jioni akwambie kazi yake ilikuwa kukuchagulia kinyozi.

2. Dada yangu alimleta mtoto kwa likizo ya mwezi mmoja, wakakaa mwaka. Sikatai. Lakini mimi nikienda kwa jirani kunywa chai huwa nalala huko huko, na hakuna aliyewahi kunishitaki. Sasa dada mwenyewe amelegea, eti atamfuata mtoto akapange chumba karibu naye. Vitani nimebaki peke yangu.

3. Shemeji anapiga simu kila jioni kumsomea mtoto hadithi. Kitabuni! Mtoto aliyezoea kusikia nilivyoshindana mbio na treni nikaishinda (ilisimama kituoni, mimi sikusimama), leo anasomewa habari za sungura, na anacheka. Huko ni kumrubuni shahidi.

4. Hili ndilo kubwa. Mtoto alifika hapa akiwa na pengo mbele. Meno mawili yaliyojaza pengo hilo yameota kwa chakula cha nyumba hii. Ni raia. Amri yako inasema mtoto arudishwe alikotoka, na meno hayo hayakutoka huko. Ukiyapeleka, wewe ndiye mtekaji. Na kwa kuwa hayawezi kwenda, na mtoto hawezi kuyaacha, kisheria mtoto anabaki. Shemeji akiyataka, ahamie yeye.

Halafu ukamwita mtoto ofisini, ukamuuliza anataka nini, mimi nikiwa nje nasikiliza kwenye mlango ambao kwa bahati mbaya niliufunga kitasa vizuri mno, nisiambulie neno. Mtoto wa miaka saba ajue nini? Moyo wake naujua mimi. Anataka kubaki.

Naomba amri ifutwe kabla ya Ijumaa, maana wameshaanza kufungasha.

Nisalimie karani anayechapa kwa vidole viwili, mkalimani, wakili wa shemeji ingawa hastahili, na yule askari. Mwambie shati langu alilolichana akinitoa limeshashonwa.

Ni mimi ambaye milango yote inanifahamu,
Mjomba Mtu, Fundi Vitasa Mkuu

N.B. Jana nilimuuliza mtoto mwenyewe. Akasema anataka kwenda kwa baba. Nikamnunulia aiskrimu, nikamuuliza upya. Akaimaliza, akajifuta mdomo, akasema, "Kwa baba. Twende wote, mjomba." Kwa hiyo usifute kitu. Nilimjibu kwamba nina kazi nyingi hapa. Si kweli, Mheshimiwa. Naogopa kupanda ndege.