Chuo cha Walalamikaji

Sikukuu ilipoingia, mji mzima uliamua kwenda baharini. Bahari haikuongezwa. Kilichoongezwa ni kamba. Hoteli kubwa ya ufukweni ilivuta kamba nene ya buluu kutoka ukuta wake mpaka majini, ikasimika kibao, WAGENI WA HOTELI TU, halafu ikaweka na mlinzi, maana kibao hakina mikono. Ndani ya kamba kulikuwa na mchanga laini, miavuli, na watu wachache waliochoka kupumzika. Nje ya kamba kulikuwa na mawe, juu ya mawe watu, na juu ya watu watoto wao.

Juu ya jiwe mojawapo alikaa Samahani, akila karanga za mtu mwingine. Jina alilopewa na wazazi walilijua mama yake na kituo cha polisi. Mtaani aliitwa hivyo kwa sababu kila alipofungua mdomo neno la kwanza lilikuwa hilo, na kabla hujajibu ulikuwa umeshamkabidhi kitu. Shati jeupe lililonyooka, viatu vinavyong'aa hata mchangani, na maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Mwizi hakuwa. Mwizi huchukua, Samahani alipewa. Tofauti hiyo alikwisha kuieleza mara nyingi, mbele ya watu waliovaa sare, na hakuna hata mmoja aliyeielewa.

Basi alikuwa anatafuna, akaona jambo. Wageni wote wa hoteli walivaa bangili ya plastiki ya njano, na mlinzi alimkagua kila mtu mkono. Akaja mama mmoja, mkono mtupu. Mlinzi akamwuliza bangili.

"Bangili?" yule mama akasema. "Wewe ndiye wa kuniuliza mimi bangili? Kwanza niambie maji ya bafuni yatakuwa moto lini."

Mlinzi akainua kamba. Mama akapita, bado anasema.

Samahani aliacha kutafuna. Akamsogelea mlinzi, akamsalimia kwa heshima zote, akamwuliza habari za kazi na jua.

"Ndugu yangu, we acha tu," mlinzi akasema. "Sikukuu iliyopita nilimzuia mmoja, kumbe mgeni kweli. Akalalamika, nikakatwa mshahara. Sasa meneja kasema anayelalamika nisibishane naye. Nimpitishe, akalalamikie ndani."

"Na asiyelalamika?"

"Asiyelalamika anaonyesha bangili."

Samahani akamshukuru, akamwachia maganda ya karanga, akaondoka polepole. Mjanja hakimbii. Anayekimbia huulizwa anatoka wapi.

Alasiri ile ile chuo kilifunguliwa, uani, nyuma ya duka la kinyozi. Ada ilikuwa nusu kabla ya somo na nusu nyingine mguu ukishagusa mchanga laini. Habari ilikwenda mtaani haraka kuliko moshi, na watu walikuja. Kinyozi mwenyewe alisoma bure kwa kuwa ua ulikuwa wake. Alikuja fundi bomba. Alikuja fundi viatu na mkewe, na majirani ambao mwaka mzima walikuwa wakiapa kwamba ufukwe wa hoteli hauna lolote.

"Jambo la kwanza," mwalimu akasema, "mgeni wa hoteli hana furaha. Mwenye furaha ni yule aliyeingia bure, na ndiye wanayemtafuta. Kwa hiyo kesho asionekane mtu anatabasamu."

"Na wakituuliza bangili?" fundi bomba akauliza.

"Usingoje kuulizwa. Bangili ilalamikie wewe kwanza. Imekuwasha ngozi, mapokezi wameikata, wameahidi kukuletea nyingine tangu asubuhi. Huku unajikuna. Ukimaliza hapo unahamia kwenye mito."

"Mito gani?"

"Ya kulalia. Ni migumu."

"Mimi nyumbani nalalia mto mgumu. Naupenda."

"Kesho hutaupenda."

Wakafanya mazoezi. Samahani akawa mlinzi, wanafunzi wakapita mmoja mmoja wakijikuna na kuteta. Fundi viatu ndiye aliyekuwa mzito. Samahani akamwambia, "Karibu mzee," na yeye akajibu, "Asante sana mwanangu."

"Umeshakamatwa. Rudi."

Akarudi. "Karibu mzee."

"Nimeshakaribia, baba, Mungu akubariki."

Samahani akamtazama kwa huzuni ya daktari. "Mzee, wewe umelelewa vizuri mno. Sijui kama kuna dawa."

Mkewe akasema asiwe na wasiwasi, yeye atalalamika kwa wote wawili, amezoea.

Mwisho kabisa akaja mshonaji wa pale kona, anamsukuma mama yake kwenye kiti cha magurudumu. Mshonaji alikuwa na mume, ambaye alikwenda kutafuta maisha, na mpaka leo anayatafuta. Kwa hiyo kazi ya kulisha nyumba ilikuwa ya cherehani.

"Kaka," akamwambia Samahani, "mama yangu ana ombi moja tu. Aweke miguu kwenye maji ya bahari. Amekulia pale, kabla hawajajenga ukuta. Tangu miguu imkatae, kila sikukuu tunakwenda, na kila sikukuu tunarudi. Upande wa mawe kiti hakipiti, na upande wa mchanga ndiyo hivyo tena, kamba."

"Na sikukuu ijayo," bibi akadakia, "mimi sina mkataba nayo."

Samahani akaweka kiganja kifuani. "Dada, umenigusa. Umenigusa kabisa. Samahani lakini, kiti nacho kitalipiwa. Kina magurudumu, kinachukua nafasi ya mtu mzima."

Mshonaji alifungua mfuko wa kitambaa, akatoa fedha aliyoipata kwa kushona sare za shule, noti zenye vipande vya uzi bado vimenata, akampa. Bibi alimtazama Samahani muda mrefu, kama mtu anayepima kitambaa kabla ya kukikata.

"Na wewe bibi," Samahani akasema kwa furaha ya mtu aliyelipwa, "somo la kulalamika umelishika?"

Binti yake akaziba mdomo.

"Baba," bibi akasema, "kwanza sogea, unanizibia upepo. Na marashi yote hayo ni ya nini, unakwenda kuzikwa? Na wewe ndiye mwalimu? Mwalimu gani hana hata kiti cha kumpa mgeni, mpaka mgeni aje na cha kwake?"

Uani wote wakacheka, na Samahani akacheka kuliko wote, akasema huyu ameshahitimu. Wahenga walisema usimwamshe aliyelala, utalala wewe. Lakini wahenga hawakuwa na ada ya kukusanya, na hawakusikilizwa.

Asubuhi iliyofuata mlinzi wa kamba alipata siku ambayo hata leo akiikumbuka hujikuna. Alikuja fundi bomba akilia na mito. Alikuja kinyozi akitaka kujua ni nani aliyeamua kwamba taulo za hoteli zifanane na msasa. Walikuja majirani, bangili zimewawasha wote, mkono ule ule. Mlinzi aliinua kamba, akashusha, akainua. Fundi viatu alipofika, mkewe akatangulia akifoka, yeye akafuata nyuma ameinamisha kichwa, na alipokuwa chini ya kamba kabisa mazoea yakamshinda.

"Asante, kijana wangu."

Mlinzi akamshika shati. "Mzee, bangili iko wapi?"

Mkewe akageuka. "Mnaona? Mnaona hoteli gani hii? Mume wangu anashikwa shati mbele za watu. Nyumbani kwake huyu hashikwi shati hata na mimi."

Mlinzi akaachia.

Akaja mshonaji na kiti. Bibi hakungoja kusalimiwa.

"Kijana, kamba hii nani kaifunga?"

"Mimi, bibi."

"Fundo hilo? Mama yako yupo?"

"Yupo, bibi."

"Hajaliona. Angeliona asingekuwepo. Shika kiti huko nyuma, univushe."

Mlinzi akashika kiti, akamvusha mwenyewe, akaomba radhi kwa fundo.

Hoteli ilikuwa imelaza njia ya mbao juu ya mchanga, kuelekea majini. Kiti kikateleza juu ya mbao vizuri, mpaka mbao zikaisha. Kati ya mwisho wa mbao na maji palikuwa na kipande cha mchanga tu, si kirefu, lakini magurudumu yalipogusa yakazama. Mshonaji akasukuma, akavuta, akasukuma tena. Bahari ilikuwa pale pale, inakuja na kurudi, haiwafikii. Hapo ndipo alipotokea Samahani, mkoba kiunoni umenenepa.

"Samahani dada. Ile nusu nyingine."

"Kaka, hatujafika majini. Tusaidie kwanza kusukuma."

"Mapatano yalikuwa mchanga, dada. Na huu ni mchanga."

"Nimebakiwa na nauli ya kuturudisha nyumbani tu."

"Nyumbani ni karibu," Samahani akasema. "Na hiki si kina magurudumu?"

Akachukua nauli. Sitaki kupamba wala kupunguza, alichukua nauli ya mwanamke mwenye mama mgonjwa, akaikunja vizuri, akaitia mkobani. Mshonaji akageuza uso upande wa ukuta ili mama yake asimwone. Mama yake alikuwa ameshamwona.

Wakati huo huo meneja alikuwa anashuka ufukweni, tai shingoni, jasho usoni. Tangu asubuhi alikuwa ameombwa mito ambayo hana. Mbaya zaidi, hoteli yote ilijaa isipokuwa nyumba moja, ile ya familia yenye veranda mbele ya maji, ambayo bei yake iliwafukuza watu hata kabla hawajaiona, na mwenye hoteli alikuwa anampigia simu kila mara kuulizia hiyo tu.

"Wewe wa tai," bibi akaita. "Njoo hapa."

Meneja akaja.

"Tangu asubuhi nimekaa juani nangoja chumba. Mnatuchukuliaje?"

"Pole sana bibi. Lakini vyumba vimejaa. Imebaki ile nyumba ya familia, nayo bei yake..."

"Bei mimi naijulia wapi? Bei zungumza na mkwe wangu, huyu hapa mwenye viatu. Ndiye aliyesema tuchukue kubwa."

Meneja akamgeukia Samahani kwa mapenzi makubwa.

"Samahani," Samahani akasema, "mimi si..."

"Anaona haya," bibi akasema. "Hapendi kujitangaza. Ana chuo chake, nyuma ya kinyozi. Wanafunzi wake nusu wako hapa, wanajikuna. Nimweleze meneja wanasomea nini, mkwe, au utamweleza mwenyewe?"

Samahani akatazama huku na huku. Mbele palikuwa na bahari. Nyuma mlinzi alikuwa amesimama, anasikiliza kwa makini ya mtu aliyewahi kukatwa mshahara. Chini ya miavuli fundi bomba na wenzake walikuwa wameacha kujikuna, mikono imeganda juu ya mikono. Miaka yote Samahani alikuwa na neno kwa kila mlango uliofungwa, na sasa alitafuta, hakupata.

"Hapana, mama," akasema. "Usimchoshe meneja."

"Kwa siku ngapi?" meneja akauliza.

"Mpaka sikukuu iishe," bibi akajibu. "Na hizo mbao zenu zifike majini."

"Zitafika, bibi. Malipo huwa ni taslimu, na yanatangulia."

Mkoba ukafunguliwa. Zikatoka fedha za fundi bomba, za majirani, za fundi viatu aliyelelewa vizuri, na katikati yake mshonaji akaziona noti zenye vipande vya uzi zinapita kutoka mkono wa Samahani kwenda mkono wa meneja. Mkoba ukabaki na kitu kidogo chini. Mshonaji akakohoa.

"Mume wangu," akasema kwa upole, "na chakula."

Kikatoka na kile kidogo.

Meneja akatoa bangili za njano mfukoni, akamvisha bibi, akamvisha mshonaji, akamvisha na Samahani, akamkaribisha yeye na familia yake kwa moyo wote. Kama alikuwa amekwisha kuelewa mchezo mzima au hakuelewa lolote, mimi sijui. Aliyemaliza kupangisha nyumba ile hakuwa na haja ya kuuliza. Ila hakuondoka. Alisimama na mlinzi wake, akisubiri kuona mkwe anavyomtunza mama.

Samahani akainama kuvua viatu.

"Unachelewa," bibi akasema.

Akaacha viatu. Akashika kiti nyuma, mshonaji akakishika mbele, wakakiinua kidogo na kukivuta. Kikazama, wakakiinua tena. Shati jeupe likashikana na mgongo, viatu vikajaa mchanga, kisha vikajaa maji. Wimbi moja dogo likaja likamfikia bibi kwenye vidole, likapanda mpaka vifundoni, likarudi.

Bibi alishika pande mbili za kiti, akaitazama miguu yake ndani ya maji. Mshonaji alikuwa analia waziwazi, wala hajifuti. Chini ya miavuli mke wa fundi viatu aliondoa mkono kwenye upele wake wa bandia. Hata Samahani, ambaye alikuwa amefilisika tangu dakika chache zilizopita, alijikuta ameinamisha kichwa.

Wimbi lingine likaja.

"Mkwe," bibi akasema taratibu, bila kugeuka. "Nisogeze mbele kidogo."

Akamsogeza.