Kuomba Kosa Moja Liwe na Jina Moja Kwenye Mashine Zote

Agripina Nzeyimana,
Katibu, Kikundi cha Mbegu Tupande,
Murusagamba, Ngara.

Kwa Fundi wa Programu, Ndugu Irakoze,
Dodoma.

Ndugu Fundi (na mdogo wangu wa tumbo moja),

Somo liko hapo juu, naomba usiliruke. Sisi wazima. Mtoto anaota jino na hataki mtu alale. Ningeweza kukupigia simu, lakini ukipigiwa unasema "sawa dada" halafu unaendelea na mambo yako. Barua haikatiki. Naandika kwa mkono mmoja, wa pili umebeba mtoto, kwa hiyo mwandiko ukipanda mlima univumilie.

Malalamiko yangu yanahusu programu uliyotutengenezea ya kugawa mbegu za maharage, na hasa ile maktaba yako. Zamani nilidhani maktaba ni vitabu. Ukanieleza kwamba ni vipande vya programu vilivyokwisha kuandikwa, mafundi wengine wanaviazima ili wasianze upya. Vizuri. Sasa sikia vipande vyako vilivyotufanyia.

1. Jumatatu faili la majina ya mgao lilijifunga. Faili ni moja. Kompyuta ya Mwenyekiti wetu, Mzee Anastazi, ikaandika: "Kosa namba 5." Simu yangu ikaandika: "Kosa namba 13." Simu ya Auleria, ile aliyoletewa na mwanawe kutoka Dar, ikaandika: "Huna ruhusa." Nilipokuuliza, ulisema ni jambo lilelile, ila kila mfumo unalitaja kwa namna yake, na maktaba yako inapitisha neno kama lilivyotoka. Irakoze, hata mtoto akitumwa dukani hasemi tu alichosikia, anakuambia chumvi imekwisha.

2. Mzee Anastazi aliitisha kikao kuyatafuta hayo makosa matano. Shikamoo yangu aliiitikia kwa shida, maana yeye alikuwa na matano na mimi katibu wake nina kumi na matatu. Akina mama wakaogopa, wakaanza kuungama. Odeta alisema ndiye aliyekalia gunia la mbegu. Mwingine akasema alichuma majani ya maharage kwenye shamba la kikundi. Yalipofika manne Mzee akasema, "Bado moja, hatutoki hapa." Ikabidi nilitoe mimi: nilisinzia wakati wa sala ya kufungua. Tukaruhusiwa kwenda nyumbani, na faili likabaki limefungwa.

3. Hili ndilo linaloniuma. Auleria hakuja kikaoni. Alisoma "Huna ruhusa" akajua mimi katibu nimemfuta kwenye kikundi. Huyu ni jirani yangu, ndiye aliyenishikia mtoto nilipojifungua nikawa siwezi kusimama. Shamba lake limeshalimwa, mvua imeshaanza, mbegu zake ziko stoo, na yeye hasogei. Bombani ananipita. Nikimsalimia anajibu, "Nzuri, Katibu." Katibu! Mimi, anayeniita Agi tangu darasa la pili! Nilimtuma mume wangu, Habonimana, akamweleze habari ya mifumo. Akamkuta Thobias, mume wa Auleria, wakakaa kunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, na habari ya mifumo haikufika. Mimi mwenyewe sijaenda, na siendi, kwa sababu mwenye kosa ni programu.

4. Kwa hiyo naomba: kosa likiwa moja, jina liwe moja, mashine zote. Na ukishaliweza hilo usiishie kwenye mashine. Pale Kabanga, basi likiwa halijafika, wakala mmoja anasema "liko Bugarama," wa pili anasema "linapakia," wa tatu anakuuzia maji. Ni basi lilelile, na halipo. Waingize nao kwenye maktaba.

5. Halafu uje hapa nyumbani. Chakula kikichelewa, Habonimana ananyamaza, mama mkwe anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti kubwa, na mtoto anapiga kelele. Sufuria moja, malalamiko ya namna tatu. Tena mtoto ana shida yake ya peke yake: njaa, tumbo, jino, mbu, yote kwake ni kilio kimoja. Huyu mtengenezee kinyume, namba tofauti kwa kila jambo, tutazibandika ukutani.

6. Mwisho, wilaya yote ya Ngara, na Biharamulo wakikubali, watu wakatae, wakasirike na wanune kwa maneno yaliyopangwa, ili mama aliyechoka asishinde anakisia. Sioni kama ni kazi kubwa kwa mtu aliyesoma miaka yote ile sisi tukila viazi.

Nasubiri toleo jipya kabla mvua haijakatika. Mama anakuombea, mama mkwe pia, ila yeye anauliza utaoa lini. Wasalimie wenzako wa ofisini, mwenye nyumba wako, na yule binti ambaye mama bado hajaambiwa.

Ni mimi dada yako nisiyelala,
Agripina,
Katibu (mpaka kikao kijacho).

Nyongeza: Usiguse kitu! Nilikuwa nakunja barua, Auleria akaingia bila hodi, simu ameinyoosha mbele kama hati ya mahakama. "Agi, hebu niambie kwa mdomo wako. Ruhusa ya nini sina?" Nikaanza kueleza mifumo, nikashindwa, nikacheka. Naye akacheka mpaka akakaa chini, akachukua mtoto, nami nikalala hadi saa nane mchana. Nilipoamka tukampimia mbegu zake kwa kopo, Mzee Anastazi akishuhudia, mashine haikuulizwa. Sasa hivi yuko shambani anapanda, na mtoto yuko naye mgongoni. Mdogo wangu, kama simu yake ingemwandikia kwa adabu "Jaribu tena baadaye," angekuwa ndani kwake mpaka leo, anajaribu.