Kati ya Mama Yangu na Tembo, Nani Aamkiwe Kwanza?

Shume, Lushoto.

Ndugu Msimamizi wa Kituo cha Tembo Yatima, Mnazi,

Shikamoo. Umri wako siujui, ndiyo maana natanguliza. Ukiwa mdogo kwangu, shikamoo hiyo mpelekee yule tembo wenu mzee, maana nasikia anazipokea.

YAH: KURUDISHIWA MUME WANGU

Mimi ni mke wa Sefania, yule mrefu anayejitolea kuogesha tembo hapo kwenu. Aliaga kwamba anakwenda wiki mbili. Viazi tulivyopanda siku aliyoondoka tumeshavichimba na kuanza kuvila, na yeye tunamwona Jumapili tu. Naomba nieleze malalamiko yangu kwa utaratibu.

1. Nyumbani hajawahi kuosha hata sufuria. Kwenu anamsugua tembo kwa brashi mpaka nyuma ya masikio. Nyuma ya masikio, Ndugu Msimamizi! Mimi nina masikio mawili na hajawahi kuuliza habari zake.

2. Kwenye mnada wa sadaka baada ya ibada, alishindana na mzee wa kanisa mpaka akanunua maboga yote, miwa yote na mkungu wa ndizi wa mchungaji mstaafu. Nikafurahi, nikakoka moto. Kumbe vyote ni vya tembo. Sisi tulikula mchicha.

3. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Jumapili iliyopita Mama yangu mzazi alikuja kututembelea. Sefania akamwamkia vizuri, kisha akamweleza, kwa heshima zote, kwamba hiyo ni shikamoo yake ya pili kwa siku hiyo. Ya kwanza alimpa alfajiri tembo mnayemwita Bibi, kwa sababu ndiye mkubwa. Mama amezaa watoto tisa na kuzika waume wawili. Chai hakuigusa.

4. Tangu hapo Mama hataki kuondoka kwangu mpaka ukubwa huo uthibitishwe. Nimempoteza mume, nimempata mama, na yote ni kazi ya tembo.

Nasema wazi: nina wivu. Nyumba imepoa, na baridi ya Shume sina haja ya kukusimulia. Basi naomba moja kati ya mawili: mnirudishie mume, ama na mimi mnisajili kama tembo. Yatima wa baba nilishakuwa, na kula najua.

Wasalimie wafanyakazi wote, wageni wanaojitolea, na ndama wote wa tembo. Bibi usimsalimie kwanza, mpaka tujue nani aanze.

Ni mimi niliyebaki na viazi,
Secilia, mke wa Sefania

N.B. Barua hii nimeileta mwenyewe, na Mama akanifuata. Sefania alipotuona getini aliwaacha tembo wote, akaja mbio kutupokea mizigo, povu mpaka kwenye viwiko. Hasira zikaniisha, sijui zimekwenda wapi. Naomba brashi ya pili.

Bibi naye alimwinulia Mama mkonga, na Mama akakunja goti akasema shikamoo kabla hajajijua. Sasa anauliza huyo Bibi alizaliwa mwaka gani. Kama ni mdogo kwake, anataka shikamoo yake irudishwe.