Nilivyomzika Mtoto wa Watu kwa Ajili ya Kocha

Jamani, leo nimebaki bila uso. Huu nilionao ni wa kuazima, wangu nimeuacha wodini.

Kwa wageni wa jukwaa hili: mimi ni Selemani, wa Morogoro, naishi Handsworth, kazi yangu ni kusukuma vitanda vya wagonjwa katika hospitali moja hapa Birmingham. Jina la hospitali silitaji, maana kesho naitwa ofisini na kazi bado naitaka. Jina la timu yangu nalo silitaji. Mnaijua. Ni ile inayoshika mkia.

Asubuhi tulikuwa chumba cha mapumziko, mimi na Mzee Kulwant. Kulwant Singh, Kalasinga mwenye kilemba, alizaliwa Kisumu, akaletwa huku kijana, na Kiswahili chake hakijapata kutu hata kidogo. Tunasukuma vitanda pamoja. Tunashabikia timu moja. Hatukubaliani hata kidogo.

Jumamosi tulifungwa nyumbani. Tena. Nusu ya msimu imekwisha na tumeshinda mechi za kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja (na huo mkono uwe umeumia). Mzee Kulwant anaamini tutabaki ligi kuu. Anasema mechi ngumu zimeshapita, zilizobaki nyingi ni za nyumbani, na yule mshambuliaji wetu akipona goti mambo yatabadilika. Mimi nasema goti halina kosa, kosa ni kocha. Kila Jumatatu tunabishana hivyo, na wiki hii imekuwa Jumanne kwa sababu jana nilikuwa na hasira sana sikuweza kuongea.

Tukaitwa juu, wodi ya wagonjwa mahututi, kuna kitanda cha kuteremsha eksirei. Tukapanda lifti tukibishana. Tulipofika juu, jina la timu lilikuwa limeshabaki chini, neno kocha limebaki kwenye lifti, tunaendelea na "yeye" tu.

Nesi akasema tusubiri kidogo nje. Tukakaa kwenye viti vya ukutani, karibu na kile chumba cha ndugu wa wagonjwa. Mlango ulikuwa wazi nusu. Ndani kulikuwa na mama mmoja mtu mzima, koti kubwa la baridi juu, kitenge chini. Nikamsalimia kwa Kiingereza. Akatikisa kichwa. (Kitenge kilikuwa cha njano na bluu, kinaonekana mpaka Coventry, mji wa pili. Sijui macho yangu yalikuwa yanafanya kazi gani.)

Tukaendelea, kwa Kiswahili, kwa sauti ya watu wanaojua hakuna anayewaelewa.

"Huyu amekwisha," nikasema. "Mimi nilisema tangu mwezi wa kumi. Mwezi huu haumalizi."

"Wacha hiyo maneno," akasema Mzee Kulwant. "Bado ako na nafasi. Mtu huanguka, halafu husimama."

"Asimame na nini? Mbele hakuna kitu. Nyuma panavuja. Katikati ndiyo kabisa, hakuna kinachopita."

"Si wamemwongezea damu mpya juzi?"

"Damu ya bei rahisi ile, mzee. Imekataa."

Mzee akavuta pumzi. Ni mtu wa huruma. Akasema, "Lakini watu wanaombea yeye."

"Waombe tu. Wakubwa wameshaamua. Jumatatu wanamtoa. Mtu wa kukaa nafasi yake wameshampata, wanangoja kutangaza."

"Maskini. Na familia yake?"

"Familia watapewa chao, wataondoka. Na mimi nasema afadhali. Apumzike. Ametesa watu vya kutosha."

Maneno haya niliyasema nimekunja nne, nakula biskuti.

Kitanda kikatoka. Tukakisukuma. Tulipopita mlango ule, yule mama alikuwa amesimama, anashika fremu ya mlango kwa mikono miwili. Nikadhani anatupisha. Nikamwambia asante. Kwa Kiingereza.

Tukaenda eksirei, tukaenda wodi ya wazazi, tukaenda kula. Nilikula vizuri tu.

Baada ya chakula tukaitwa juu tena. Lifti ilipofunguka tukasikia wimbo. Sauti za chini, nzito, za watu wanaojizuia. Ukumbi wote umejaa Wakongo. Kina mama wamevaa vitenge, wanaume wamevaa suti za kanisani, mchungaji ameshika Biblia. Na yule mama niliyemsalimia asubuhi alikuwa amekaa sakafuni, viatu amevua, kilemba amevua, nywele nyeupe ziko wazi, anayumba huku na huku.

Nikajua kuna msiba. Kwetu mtu hapiti msiba kama anapita duka. Nikavua kofia, nikaanza kuwapa mkono mmoja mmoja, sasa kwa Kiswahili, kwa heshima zote nilizofundishwa Morogoro.

"Poleni sana. Poleni na msiba. Mungu amweke mahali pema."

Wakaipokea pole. Wakaniangalia, wakaangalia shati langu lenye jina la hospitali, na vilio vikapanda. Nikadhani wameguswa. Nikaongeza, "Tulijitahidi, lakini kazi ya Mungu haina makosa." (Tulijitahidi. Mimi na nani? Nasukuma vitanda.)

Wakati huohuo lifti ya pili ikafunguka, akatoka dada mmoja mwenye sare ya kiwanda cha mikate, anahema. Akasikia sauti yangu. Akaona mama yuko chini. Hakuuliza kitu. Miguu ilimwacha, akaenda chini kama nguo iliyodondoka kwenye kamba. Mzee Kulwant alimuwahi kichwa kabla hakijagonga sakafu.

Hapo ndipo mlango wa wodi ulipofunguliwa na Sista Maureen. Huyu ni msimamizi wa wodi, Mjamaika wa hapahapa Handsworth, mwanamke ambaye hata madaktari humwomba ruhusa. Akauliza kwa Kiingereza ni nani amewaambia hawa watu kwamba mgonjwa wake amefariki. Maana mgonjwa wake yuko hai. Amelazwa kwa dawa, ana hali mbaya, lakini yuko hai, na tangu asubuhi homa imeshuka.

Mchungaji akatafsiri. Wimbo ukakatika katikati ya neno.

Mama akaniangalia kutoka pale chini. Akanyoosha kidole. Hakukitikisa.

"Njo huyu," akasema, kwa Kiswahili cha kwao Bukavu, Kongo, ambacho "ndiye" ni "njo" na "wana" ni "bana". "Asubui alikuwa anakaa pale na ule muzee wa kilemba. Alisema mutoto yangu aliisha, hatamaliza mwezi. Alisema damu imekataa. Alisema Jumatatu banamutoa."

Ukumbi wote ukageuka. Nami nikageuka kwa Mzee Kulwant anisaidie kueleza. Mzee Kulwant, mtoto wa Kisumu, mtu aliyebishana nami kwa Kiswahili miaka yote hii, akamtazama Sista Maureen na kumwambia kwa Kiingereza safi kwamba yeye lugha hiyo haielewi.

Nikabaki peke yangu.

"Mama," nikasema, "sikuwa namsema mtoto wako. Nilikuwa namsema kocha."

"Kocha njo nani?"

"Kocha wa mpira, mama."

"Wa mupira."

"Ndiyo, mama. Timu yetu inafungwa."

Mashine za ndani zilisikika zikilia moja moja. Mchungaji alifumba macho. Nadhani aliomba, sijui kwa ajili ya nani. Yule dada wa mikate, ambaye sasa nilijua ni mke wa mgonjwa na jina lake Chantal, alikuwa amekaa ameegemea ukuta, ananiangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka sura ya mwizi.

Ilibidi mchungaji ageuke amweleze Sista Maureen yote, neno kwa neno. Sista alisikiliza. Kisha akaniambia kesho nifike kwa bosi, na kwamba kwa sasa nisiguse kitu, nisiongee na mtu, nisimame tu.

Mama akainuka. Alisaidiwa na kina mama wawili. Akafunga kilemba chake polepole, akaja mpaka mbele yangu. Ni mfupi. Nilitamani anipige makofi, tumalize.

"Nilipiga simu nyumbani," akasema. "Bukavu banalia. Banaisha funga turubai. Wewe njo ulimuua, wewe njo utamufufua."

Akanipa simu.

Upande wa pili alikuwa kaka yake mama, mjomba wa Espoir, maana ndilo jina la mgonjwa. Nyuma yake nilisikia watu wengi wanalia. Wanalia kwa sababu yangu, bara jingine, watu ambao sitawaona maishani.

"Shikamoo mzee. Naitwa Selemani, niko Birmingham. Espoir hajafa."

"Wewe uko munganga wa hospitali?"

"Hapana, mzee. Nasukuma vitanda."

"Sasa unajua namna gani kama hakufa?"

"Sista amesema. Ni mzima. Mzima kidogo."

"Na nani alisema alikufa?"

Ningeweza kusema ni makosa ya mawasiliano. Watu zaidi ya ishirini walikuwa wananitazama mdomo.

"Mimi, mzee."

"Juu ya nini?" akauliza sababu.

Nikafungua mdomo nimweleze, na kadi ya simu ikaisha. Ikaisha pale pale kwenye "juu ya nini". Bukavu wakabaki na mtu aliyesema amemuua Espoir halafu akakata simu.

Nilikimbia ngazi zote mpaka duka la chini kununua kadi nyingine. Nikapanda nayo mbio. Nikakwangua, nikabonyeza namba, nikakosea, nikabonyeza tena. Mjomba alipopokea nilimweleza yote bila kupumua: kocha, damu mpya, nyuma panavuja, Jumatatu. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Timu gani?" akauliza.

Nikamtajia.

Kisha akasema, taratibu, kwa sauti ya mtu aliye msibani kweli, "Pole sana, ndugu."

Nilicheka. Nilijaribu kuzuia, ikatoka puani, mbele ya mama, mbele ya Chantal, mbele ya mchungaji. Hicho kicheko ndicho kibaya kuliko yote ya leo. Kocha nimemweleza, wamenielewa. Kicheko sikuweza kukieleza.

Chantal akainuka, akaingia ndani kwa mumewe bila kunitazama.

Mwishowe Sista Maureen alimtafuta mkalimani wa simu, Mkongo halisi, akamweka kwenye spika, na daktari akakaa na mama kwenye kile chumba. Mimi nilikuwa nimesimama nje kama nilivyoamriwa, nikasikia bila kutaka. Espoir alipasuliwa tumbo, jeraha likaoza kwa ndani, sumu ikaingia kwenye damu. Leo ni afadhali kuliko jana. Lakini bado anaweza kufa. Daktari alilisema hivyohivyo na mkalimani akalisema hivyohivyo. Mama hakulia. Aliuliza maswali mengi, na yote yalikuwa ya maana.

Alipotoka alisimama karibu nami.

"Tangu nifike kutoka Bukavu," akasema, "banakuja, banacheka na mie, banaenda. Chantal anasema, mama, ataamuka tu. Kila mutu ananichekea-chekea, ukweli hasemi. Leo asubui nikasikia Kiswahili. Nikasema, Mungu, asante, sasa nitajua." Akaangalia vile viti vya ukutani. "Njo nikasikia ile."

Nikasema, "Nisamehe, mama."

"Sijue," akasema. "Espoir akiamuka, utamuomba yeye. Mie niko nachoka." Halafu, akiwa ameshaanza kuondoka, akageuka. "Kesho ukinipita, unisalimie vizuri. Kizungu sitaki."

Kina mama wa kanisa walikuwa wamekuja na masufuria ya chakula cha msiba, wali na sombe, yaani kisamvu, na samaki. Hakuna anayejua taratibu za msiba uliofutwa, kwa hiyo walikipakua. Mimi sikupewa. Mzee Kulwant alipewa sahani mbili, kwa kumshika Chantal kichwa, na akashukuru kwa Kiswahili kizuri sana.

Sasa niko nyumbani, sijawasha hata televisheni. Kuna mtu kanitumia ujumbe kwamba kocha ametimuliwa kweli, mchana huuhuu, hawakungoja Jumatatu. Msimu mzima nimeomba siku hiyo ifike, na imefika nikiwa na hamu ya kumwombea msamaha.

Niliongea na mjomba mara ya mwisho kabla kadi ya pili haijaisha. Anasema kulia wameacha, lakini turubai halikunjwi. Neno la mtu wa Birmingham halimtoshi tena, anataka kusikia sauti ya Espoir mwenyewe.

Kwa hiyo naomba msicheke kwanza. Ngojeni Espoir apige simu.